Nishani ya Luteni Usu Luvanda

Mtendaji wa mtaa hakumwita kwa jina. Alisoma namba.

"Saba, moja, nne, sita," alisema, akiwa amesimama mbele ya kibanda na bahasha ya kaki mkononi. "Ni wewe, mzee?"

Aroni Luvanda alikuwa amepiga magoti kwenye gunia, akikunja ukingo wa jiko la mkaa kwa nyundo ya mti. Mikono ilisimama. Kabla hajajua anachofanya alikuwa amesimama wima, visigino pamoja, vidole gumba kwenye mishono ya suruali, macho yakitazama mbali juu ya mapaa ya mabati ya Mlandege, mjini Iringa. Mkojo ulimteremka pajani, wa moto, kidogo tu. Alimshukuru Mungu kwamba alikuwa amevaa aproni ya turubai.

"Ndiyo, afande."

Mtendaji alitazama miguu iliyobanana, akacheka. "Mzee Luvanda, pumzika basi. Ni mimi Dastan. Barua hii imetoka Mbeya, wamesema nikukabidhi mkononi na usaini kwamba umepokea."

Alisaini mara mbili, kwa sababu saini ya kwanza haikusomeka.

Mafundi wenzake waliacha kugonga mabati. Kwa miaka mingi walimtania kwamba rubani aliyeishiwa ndege hana pengine pa kuishi ila Mlandege, naye alicheka pamoja nao. Leo hakuna aliyetania. Walimwona akiikunja ile barua bila kuisoma, ndogo, ndogo zaidi, kisha akaisukuma ndani ya soksi.

Nyumbani, mkewe ndiye aliyeisoma. Severina alikuwa ameketi kibarazani, mguu wa kulia juu ya kigoda, umefungwa kitambaa cheupe kilichokwisha kuloa upande mmoja. Kisukari kilikuwa kimekula vidole viwili, na daktari wa mwisho alikuwa amegusa kifundo cha mguu kwa kalamu, akionyesha mahali pa kukatia. Severina alisoma polepole, kama anavyosoma Zaburi kanisani.

"'Unatakiwa kuripoti mbele ya Kamati ya Nishani ya Kanda, Mbeya, siku ya Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi, kwa ajili ya uhakiki wa taarifa zako za kutekwa vitani. Ukithibitishwa utavishwa nishani siku ya Ijumaa.' Baba Gloria! Nishani!" Alijifunika uso kwa karatasi. "Miaka arobaini na ngapi hii?"

"Rudia hapo mwanzo. Uhakiki wa nini?"

"Wa taarifa. Si uhakiki tu? Hata wastaafu wa halmashauri wanahakikiwa, wanapigwa picha wanarudi."

"Mimi siendi."

Severina aliishusha barua. "Mwenye nishani anatibiwa kwenye hospitali yao, yeye na mkewe. Mchungaji ametangaza, na Dastan amesema hivyohivyo." Hakuutazama mguu. Hakuwa na haja ya kuutazama. "Unaogopa nini? Vita si vilikwisha?"

Aroni alimtazama kuku aliyekuwa akichakura kwenye majivu. Katika ndoa yao yote alikuwa amemwambia mambo mawili kuhusu jela ya upande wa pili: kwamba kulikuwa na chawa, na kwamba bega lake la kushoto, lile lisilopanda juu ya kidevu, liliharibikia huko. Kuhusu Anyitike Mwasomola, aliyekuwa naye ndegeni, alisema alikufa kwa homa. Kila alipoulizwa alilisema kwa maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, mpaka Severina akaacha kuuliza.

Anyitike Mwasomola hakufa kwa homa.

Walikuwa wawili kwenye ndege ya viti viwili, iliyotumwa kupiga picha na kushambulia magari. Aroni alishika usukani mbele. Nyuma yake alikaa Luteni Anyitike, mkubwa wake kwa cheo na kwa miaka miwili, na ramani na kamera. Walipigwa wakiwa juu ya kinamasi. Miavuli yao iliwashusha mbalimbali, lakini kabla jua halijazama walikuwa wamelala ndani ya lori moja, mikono imefungwa kwa waya nyuma ya mgongo, Anyitike akimnong'oneza: "Jina, namba, cheo. Basi. Hakuna kingine, Luvanda."

Mwezi wa tatu gerezani waliletewa karatasi na mashine ya kurekodi. Karatasi ilikuwa imepigwa chapa kwa jina la Anyitike, kwa sababu ndiye aliyekuwa na cheo kikubwa: Mimi, Luteni Anyitike Mwasomola, nawaomba marubani wenzangu wa Tanzania wasirushe tena ndege kwa ajili ya vita hivi vya uonevu. Anyitike aliisoma kimya, akaikunja mara nne, akaitia mdomoni, akaitafuna. Walimvunja mkono wa kulia juu ya meza ileile. Kisha wakatoa nakala ya pili, wakamgeukia Aroni.

Aroni hawakumpiga siku ile. Walimwonyesha ndoo ya maji na waya, wakampa muda wa kutazama.

"Jina lisikusumbue," alisema ofisa wao. "Wenzenu wanalijua jina. Sauti hawaijui."

Aroni aliisoma karatasi tangu mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Anyitike alikuwa sakafuni, ameukumbatia mkono wake, akimtazama. Jioni Aroni alipewa blanketi. Kesho yake asubuhi walimtoa Anyitike nje, na hakurudishwa.

Vita vilipokwisha, Aroni alirudishwa nchini pamoja na wenzake wachache, wote ngozi na mifupa. Hawakupelekwa makwao. Yeye aliwekwa siku kumi na saba katika chumba kisicho na dirisha, na kila siku maofisa watatu waliketi nyuma ya meza ndefu wakamuuliza swali lilelile. Kwa nini wewe umerudi hai? Tangazo lile alisoma nani?

"Jina si lilitajwa, afande," alijibu siku za kwanza.

"Tunakuuliza wewe."

Siku ya kumi na saba alisema: "Luteni Mwasomola."

"Na wewe walikuambia usome?"

"Waliniambia. Nilikataa."

Wakaandika. Kisha wakamwachisha jeshi bila nishani, bila hata cheti cha kuonyesha kwa mwajiri, kwa kuwa mwanajeshi aliyeshikwa mzima hakuwa mtu wa kuonyeshwa watu. Walimwamuru asizungumze habari zile na mtu yeyote. Amri hiyo ilikuwa nyepesi kuitii.

Kwa ajili ya mguu wa Severina, alipanda basi la Mbeya siku ya Jumatano. Pale Igawa askari wa usalama barabarani aliingia kukagua mikanda, na Aroni alikuwa amekwisha kutoa kitambulisho, amekinyoosha mbele kwa mikono miwili, kabla yule askari hajafika hata kiti cha tatu. Mwanamke aliyekaa naye alimtazama kwa pembe ya jicho, akasogeza kikapu chake. Uyole walipokelewa na ukungu. Alilala hosteli ya kanisa, na asubuhi, saa moja na nusu, alikuwa mlangoni pa ofisi iliyotajwa kwenye barua.

Lilikuwa jengo la zamani la kuta za kijani, lenye ukumbi mrefu na benchi moja. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango wa chuma wa stoo. Kila mtu alipoingia au kutoka, mlango ule ulijipiga wenyewe, na kila ulipopiga, mwili wa Aroni uliruka juu ya benchi. Alijaribu kuhesabu ili aujue mwendo wake. Haukuwa na mwendo.

"Kamwene, shemeji."

Aligeuka. Kando yake aliketi mwanamke mdogo wa umbo, mzee, amevaa sweta jeusi na kubeba faili la plastiki magotini. Alikuwa amemsalimia kwa salamu ya Iringa, lakini ulimi ulikuwa wa Tukuyu.

"Hunikumbuki. Mimi Bertha. Mke wa Anyitike."

Mlango wa chuma ulipiga.

"Nakukumbuka," alisema Aroni. Mara ya mwisho alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, amesimama nje ya nyumba za kambini, mimba ya kwanza ikianza kuonekana, akimpigia mumewe kelele kwamba amesahau chakula chake. "Nawe wamekuita?"

"Mimi nani aniite? Nimejileta. Nilisikia wanahakiki mateka. Nikasema, kama Luvanda yu hai, lazima atapita hapa." Alifungua faili. Lilikuwa limejaa nakala za barua, nyingine zimeandikwa kwa mkono, nyingine kwa mashine, karatasi za zamani zimekuwa rangi ya chai. "Nimeandika mpaka nimechoka. Jibu lao moja: faili la marehemu lina doa. Niliambiwa nitoke nyumba ya jeshi nikiwa na mimba ya miezi saba. Mtoto wangu Isakwisa shuleni walimwita mtoto wa msaliti, akaacha shule. Sasa yuko Chunya kwenye mashimo ya dhahabu. Ukitaja jina la baba yake anainuka anatoka nje."

"Pole sana, shemeji."

"Mimi ile redio niliisikia." Bertha alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza njia. "Tulikuwa wanawake sita, jikoni kwa mke wa sajenti. Wote wakanigeukia. Nikawaambia, huyu siyo Anyitike. Wakasema, si amejitaja? Nikasema jina ni lake, sauti siyo yake. Mke hajui sauti ya mume wake? Anyitike akisema Kiswahili unaisikia Tukuyu nzima. Yule wa redioni aliongea kama mtu wa huko kwenu."

Aroni alitazama viatu vyake. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya koti, katika baridi ile ya Mbeya ya mwezi wa saba. Aliogopa kusema neno lolote, kwa sababu neno lolote lingetoka na sauti ile ya redioni.

"Sikuulizi kitu," Bertha alisema. "Nimeshazeeka mimi. Wewe waambie tu kwamba siyo yeye. Wakikuuliza ni nani, sema hujui. Hilo moja linanitosha. Mengine sitaki."

Mlango wa ofisi ulifunguka. "Luvanda!"

Meja Magesa alisimama kumpokea. Alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, mrefu, mpole, aliyezaliwa baada ya vita, na alisema "Shikamoo, mzee wangu" akiwa ameinama hasa. Kulikuwa na chai ya maziwa na maandazi mawili kwenye kisahani. Kwenye meza ndogo ya pembeni koplo wa kike, Blandina, alikuwa akichapa kwenye kompyuta.

"Tumekutesa na safari, mzee. Ni jambo fupi tu." Alifungua faili jembamba lililofungwa kwa utepe. "Taarifa yako ya mwaka ule ninayo hapa. Nimeisoma nikasisimka. 'Alikataa kusoma tangazo la adui.' Hiyo ndiyo itakayosomwa kesho uwanjani. Mgeni rasmi ameipenda sana. Unathibitisha kwamba maelezo ni yako, unasaini hapa, na hapa. Hii ya tatu ni ya matibabu. Mama anaitwa nani?"

"Severina."

"Ana tatizo lolote?"

"Mguu. Sukari."

"Akiingia kwenye orodha yetu, wiki ijayo anapokelewa." Meja alimsogezea kalamu. "Kunywa chai, mzee, inapoa."

Aroni alishika kalamu. Chini ya mlango aliona kivuli cha miguu ya mtu aliyesimama karibu sana na mbao.

"Afande," alisema. "Luteni Mwasomola hakusoma lile tangazo."

Magesa aliendelea kutabasamu. "Hili ni faili lako, mzee. La Mwasomola ni jingine."

"Nililisoma mimi."

Koplo Blandina aliacha kuchapa.

"Koplo," Meja alisema, "katuletee chai."

"Chai ipo, afande."

"Kalete nyingine."

Mlango ulipofungwa, Magesa alikisogeza kikombe pembeni, akaweka viwiko mezani. Uso wake ulikuwa na kitu kama huruma.

"Sijasikia ulichosema."

"Nimesema kwamba..."

"Mzee. Nakuambia sijasikia. Nikisikia, lazima niandike. Nikiandika, wewe ni mtu uliyetangaza kwa niaba ya adui wakati wa vita, halafu ukadanganya bodi ya jeshi. Kosa hilo halizeeki. Hapo itabidi niite askari, tuanze mahojiano upya. Leo. Nyumba za wageni hatuna, ila vyumba vya kukuweka tunavyo."

Mlango wa chuma ulipiga. Aroni alisikia maji yakimwagika kama yanaingia ndooni, akajua ni koplo tu, anajaza birika, na kujua hakukumsaidia kitu.

"Mke wake yuko hapo nje," alisema.

"Mama Bertha namfahamu. Kila mwaka yuko hapo nje." Magesa alipunguza sauti zaidi. "Sikiliza, mzee wangu, nakwambia kama mwanao. Mwasomola mimi siwezi kumsafisha. Waliomwandika ni wakubwa. Wawili wamekufa na heshima zao. Mmoja kesho atakaa jukwaani, mstari wa mbele. Nimwendee nimwambie nini? Kwamba siku kumi na saba alikaa na wewe akaandika uongo? Wewe ukitoka kwenye orodha, Mwasomola haingii. Mnabaki nje wote wawili, na mguu wa mama unakatwa. Kanda hii imetakiwa kupeleka mateka mmoja. Mmoja! Miezi sita natafuta mateka, naambiwa alishakufa, alishakufa. Nikakupata wewe, unatengeneza majiko. Nikamshukuru Mungu."

"Afande, yule mama..."

"Koplo anarudi," Magesa alisema, akaitazama saa yake. "Akiingia na bado hujasaini, nitauliza tena mbele yake. Hapo nitasikia."

Hatua zilikuja ukumbini. Viatu vya ngozi, polepole, mtu aliyebeba kitu cha moto. Aroni alizijua hatua za namna ile. Alikuwa amezisikiliza asubuhi nyingi, akiomba zipite mlango wake zisimame kwa mwingine. Aliona mkono wake ukienda kwenye karatasi. Ulisaini mahali pote patatu, na saini zote zilisomeka.

"Hongera sana, mzee," alisema Magesa kwa sauti ya kawaida, na koplo akaingia na birika.

Nje Bertha alikuwa amesimama, faili limebanwa kifuani.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamesikia."

Bertha alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akakunja magoti kidogo, kama wanavyofanya wanawake wa kwao wakimshukuru mtu mzima, ingawa umri wao ulikuwa karibu sawa. Machozi yalimtoka bila kelele. Alisema angependa kumpigia simu Isakwisa, lakini kule mashimoni mtandao hausomi. Alisema atakuja kesho mwenyewe. Alisema ana kitenge alichokuwa amekiweka. Aroni alitaka kumwambia asije. Lilikuwa neno moja tu, na alilibeba mdomoni mpaka getini, mpaka barabarani, mpaka Bertha alipovuka akapotea kwenye watu wa sokoni.

Jioni alipiga simu nyumbani. "Wamekubali," alimwambia Severina. Alisikia simu ikiwekwa mezani, kisha vigelegele, vya kwanza vya Severina, halafu vya majirani. Aliisubiri simu ishikwe tena, na iliposhikwa alikata.

Ijumaa uwanja ulikuwa na mahema manne na bendi. Jua lilitoka mapema, kali na baridi kwa wakati mmoja. Wazee waliovishwa walikuwa wanane, wa vita na wa kazi nyingine za jeshi. Waliwekwa kwenye viti mbele ya jukwaa, na Aroni alikuwa wa saba. Nyuma ya kamba, kwenye viti vya plastiki, aliketi Bertha katika kitenge cha kijani na kilemba chake, mgongo umenyooka. Kila mshereheshaji alipoanza kwa kusema "Luteni," aliinuka kidogo kwenye kiti. Jina la mtu mwingine likifuata, aliketi tena, akajipangusa mapaja.

Jukwaani, mstari wa mbele, mzee mmoja, kuanzia kiunoni hadi kichwani, alikuwa amevaa suti na nishani zilizojaa upande mzima wa kifua. Miguu yake ilifunikwa blanketi. Aroni alimtambua kwa jinsi alivyoinamisha sikio la kushoto. Ndivyo alivyokuwa akiinamisha nyuma ya ile meza ndefu. Akili ilimwambia kwamba yule ni mkongwe asiyeweza kusimama bila kusaidiwa. Visigino vyake vilikuwa vimekwisha kubanana.

"Luteni Usu Aroni Luvanda!"

Alisimama. Vipaza sauti vilikuwa pande zote nne za uwanja, na maneno yalimfikia mara mbili.

"Akiwa mateka mikononi mwa adui, alipata mateso makali. Licha ya mwenzake, Luteni Anyitike Mwasomola, kukubali kutumiwa na adui na kusoma redioni tangazo la kulisaliti taifa, Luteni Usu Luvanda alisimama imara, akakataa!"

Watu walipiga makofi. Yule mzee wa jukwaani aliitikia kwa kichwa, mara moja. Aroni alitembea hatua kumi na mbili hadi mbele ya mgeni rasmi, akasimama, akainua kidevu. Vidole vilishughulika kifuani mwake. "Hongera, mzee. Nchi haiwasahau watu wake." Alipiga saluti kwa mkono mzima. Kurudi kwenye kiti ilibidi atazame upande wa kamba. Alitazama nyasi.

Walipigwa picha kwa safu, kisha mmoja mmoja, kisha pamoja na mgeni rasmi. Magari ya wakubwa yalipoondoka kuelekea kwenye chakula, sajenti alikuja na sanduku la mbao lililotandikwa kitambaa chekundu.

"Wazee wangu, naomba tuzirudishe hapa. Hizi ni za sherehe, ziko nane tu, Jumatatu zinatakiwa Songea. Za kwenu bado zinatengenezwa. Mtaitwa."

"Mtaitwa lini?" aliuliza mzee wa kwanza.

"Mtaitwa tu, mzee."

Pini ya Aroni iligoma. Sajenti aliivuta, akavuta tena, na kitambaa cha koti kikaachia kwa mlio mdogo. "Samahani, mzee." Aliangusha nishani sandukuni, akampa kuponi ya njano ya chakula.

"Na ile ya matibabu?" Aroni aliuliza. "Ya mke wangu. Nilisaini jana."

"Hiyo inafuata nishani. Namba ya kadi ndiyo ile inayochongwa nyuma ya nishani yako. Bila namba hawakupokei."

Hema la chakula lilikuwa upande wa pili wa uwanja, na kwenye mlango wake askari kijana alisimama na orodha, akikagua kuponi na majina ya wajane walioalikwa. Foleni ilikuwa ndefu. Ilikuwa imesimama. Aroni alisogea kando ya foleni mpaka karibu na mlango, akaona kilichoisimamisha.

"Mjane wa nani, mama?" askari alikuwa akiuliza.

"Mwasomola."

Alilisema kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa foleni. Askari alishusha kidole kwenye orodha mpaka chini, akageuza karatasi, akarudi juu. Kisha kidole kikasimama, na alipoinua uso ulikuwa umebadilika.

"Mwasomola yupi? Huyu aliyetajwa sasa hivi?"

Wanawake waliokuwa nyuma ya Bertha walirudi nyuma nusu hatua, wakakusanya kanga zao. Kilemba chake kilikuwa bado kimekaa vizuri. Alimtazama askari, halafu akatazama juu ya bega la askari, akamwona Aroni. Hakukunja uso. Alimngojea tu, kama mtu anavyomngojea mwenzake aliyechelewa kidogo njiani.

Askari aligeuka kufuata macho yake. Alipoona kuponi ya njano alinyooka.

"Shikamoo, mzee. Huyu mama unamfahamu? Kama ni mtu wenu nimpitishe. Kama siyo, nimtoe, anazuia watu."

Ndani ya hema, Meja Magesa alikuwa ameacha kuzungumza. Alisimama na sahani mkononi, uso mpole umeelekea mlangoni, akisikiliza.

Aroni alipapasa kwenye koti mahali palipochanika. Vidole vilipita ndani, vikagusa shati. Nyuma ya Bertha foleni ilianza kusogea, ikimzunguka, mmoja mmoja, watu wakionyesha kuponi zao juu ya kichwa chake na kuchukua sahani.

"Mzee?" askari aliuliza tena, kwa adabu, mkono wake tayari uko kwenye kiwiko cha Bertha. "Unamfahamu?"